Shamba Moja, Kondoo Tisa

Mkatale wa kijiji cha Oxmere ulikaa miaka na miaka bila kutengenezwa, na sababu yake ni hii. Mfalme alikuwa ametoa sheria kwamba baada ya tauni mtu yeyote asidai ujira kuzidi ule wa zamani, na kila kijiji kiwe na mkatale wa kuwabana miguu watakaodai. Mbao zilikuwapo na misumari ilikuwapo. Seremala alikuwa amebaki mmoja tu, Osbert, naye alitaka peni sita kwa siku. Sheria ilimpa tatu. Kumlipa sita ni kuvunja sheria, kumlipa tatu ni kukosa mkatale, na kumwadhibu kwa kudai sita kulihitaji mkatale.

Aliyechakaza viatu kwenda na kurudi kwa Osbert alikuwa Hamo Pikerel, msimamizi wa mashamba ya mwinyi. Mara ya tano alimkuta seremala amelala chali kwenye kivuli cha karakana yake, kofia usoni.

"Mzee Hamo," Osbert alisema bila kuinua kofia, "nitakutengenezea mkatale ambao hata mfalme hana. Nilipe sita, halafu mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kuujaribu."

Hamo alikwenda nyumbani kumweleza binti yake Sabina, akitaraji kupata mwenzake wa kukasirika. Sabina alicheka mpaka akatua ndoo.

Huyu Hamo, baba yake alikuwa msimamizi, na babu yake vilevile. Asije mtu akadhani msimamizi kwetu alikuwa mkubwa. Alikuwa mtu aliyefungwa na ardhi ya mwinyi kama wenziwe, aliyechaguliwa na hao hao wenziwe kila sikukuu ya Mikaeli, akapewa fimbo nyeupe, kisha akalaumiwa na wa juu na wa chini mwaka mzima. Hamo alichaguliwa mara ishirini na mbili. Hakuchaguliwa kwa kupendwa. Alichaguliwa kwa sababu kila mwaka watu walitazama chini wakihesabu vidole vya miguu, naye peke yake akatazama juu.

Kusoma hakujua, wala hakuhitaji. Desturi zote za Oxmere zilikaa kichwani mwake kama mayai katika kiota: nani anapeleka kuku wawili kwa mwinyi siku ya Krismasi, nani anaruhusiwa kuokota kuni lakini si kukata mti, mjane wa nani ana haki ya kuchunga bata wangapi kwenye njia ya kanisa. Karani alikuwa na gombo la ngozi lililoandikwa hayo yote, lakini karani alipotaka kujua kitu alimuuliza Hamo kwanza, ndipo akalikunjua gombo kuona kama limekosea.

Na katika desturi zote hizo, ile aliyoipenda kama nafsi yake ilikuwa ya kukata nyasi.

Kando ya mto palikuwa na shamba la nyasi la mwinyi, refu, lililozungushiwa ua wa miiba. Lilikatwa kati ya sikukuu ya Yohane na sikukuu ya Swithin katikati ya Julai, kabla mvua haijaharibu. Enzi za Hamo kijana walitoka wanaume arobaini na wanne, kila mmoja na mundu wake mkubwa wa mpini mrefu, wakajipanga mstari mmoja kuvuka shamba, wakaenda kwa pamoja kama mtu mmoja mwenye mikono themanini na minane. Hawakulipwa peni. Walipewa mkate, jibini, na maji ya maziwa yaliyobaki baada ya jibini kuganda. Wakanung'unika kwa furaha kabisa, maana kunung'unika nako kulikuwa haki yao ya desturi.

Siku ya mwisho, mwinyi aliwaachia kondoo mmoja katikati ya shamba. Wakataji wakimkamata kabla hajavuka ua, ni mali yao. Akivuka, amerudi kwa mwinyi. Hapo ndipo ungeona mababu wazima wakiruka kama vyura. Hamo akiwa na miaka kumi na tisa alimkamata kondoo kwa sikio moja, wakaanguka mtaroni wote wawili, na tangu siku hiyo hadi alipoota mvi hakuwahi kupita kwenye mtaro ule bila kumwonyesha aliyekuwa naye mahali penyewe. Kondoo akikamatwa alipikwa palepale, akaliwa na watu wote arobaini na wanne. Kila mmoja alipata nyama ya ukubwa wa kidole gumba, na hakuna aliyeondoka na njaa. Sasa mpe mtu wa leo nyama ya ukubwa wa kidole gumba uone atakachokutupia.

Kisha ikaja tauni. Iliingia wakati wa Kwaresima, na majani yalipokuwa tayari kukatwa, katika wale arobaini na wanne walikuwa wamebaki kumi na watatu. Hamo alizika wanawe wawili, Sayer na Jolan, katika juma moja, na mama yao juma lililofuata. Mwaka ule nyasi hazikukatwa. Zilisimama mpaka zikalala zenyewe.

Mtu angedhani waliobaki wangeshikamana na yaliyobaki. Wapi. Padri mpya alikuwa mfanyabiashara wa sufu aliyefiwa na mke, akaona heri upadri, naye alisoma misa kama anayetangaza bei. Wajane waliokuwa wakiomba bata wa kuchunga sasa walikuwa na ng'ombe wa urithi na wachumba watatu watatu mlangoni. Sabina naye alitia manyoya ya paka kwenye ukingo wa kofia yake.

"Zamani," Hamo alimwambia, "mtu alijulikana kwa kofia yake."

"Hata sasa, baba," Sabina akajibu. "Wananijua nina paka mmoja pungufu."

Lakini kilele cha mabadiliko yote kilikuwa Dru Bullok. Kabla ya tauni Dru hakuwa na kitu. Alilala zizini na maksai, akala walichobakiza watu, na akiingia ndani watu walifungua dirisha. Tauni ilipopita, ikaonekana kwamba katika vijiji vitatu hakuna mwanamume mwenye mabega kama yake aliye hai. Mara Dru akawa na bei. Kwanza alinunua soksi nyekundu, ndefu hadi mapajani. Kisha viatu vyenye ncha kama mdomo wa korongo, hata ikabidi akikata nyasi avivue, asije akakata ncha zake mwenyewe. Alipomwona Hamo njiani alimsalimu vizuri, bila kuvua kofia.

Kiangazi cha nne baada ya tauni, wakataji walikuwa tisa. Wengine walikuwa wamekwenda kwingine, ambako walisikia wanalipwa zaidi, na wa kwingine wakaja kwetu kwa kusikia hivyohivyo, wakapishana njiani. Wale tisa walimtuma Dru kwa Hamo. Walitaka peni nane kwa siku, nyama ya moto mchana, na pombe ya shayiri. Yale maji ya maziwa, Dru alisema, wapewe nguruwe, kama nguruwe watakubali.

Hamo alimkumbusha sheria: peni tano.

"Sheria ni nzuri," Dru alisema. "Ipe mundu ikate."

Hamo akaenda kwa Fulke, wakili wa mwinyi. Fulke alikuwa mtu mnene mwenye wasiwasi. Mwinyi mwenyewe alikuwa Ufaransa vitani, na kazi ya Fulke ilikuwa kumtumia fedha na kutomtumia habari. Peni nane hakuweza kutoa. Wakili wa kijiji cha jirani alikuwa ametoa saba, akashtakiwa, akatozwa faini iliyommaliza. Na bila nyasi, farasi na maksai wa mwinyi wangekufa kabla ya Februari.

"Sikiliza, Hamo," alisema. "Nyasi zisipokatwa kufikia sikukuu ya Swithin, nimechoka. Shamba lile nalikodisha kwa yeyote anayelitaka, afanye apendavyo, na desturi zake ziishie hapo."

"Nani analitaka?"

"Dru Bullok ameshauliza."

Hamo alirudi nyumbani hana damu usoni. Kunyang'anywa fimbo angevumilia. Lakini shamba alilokata baba yake, alilokata yeye, ambalo Sayer na Jolan walikata wamesimama pamoja kwa sababu wote walikuwa mashoto, likawe la mlala zizini, alitie komeo, pasiwe tena na mstari wala kondoo! Aliketi mbele ya bakuli la njegere hakula. Alikuwa akiirudia desturi kwa sauti, kama mtu anayepapasa mifuko yake kutafuta ufunguo.

"'Katika kila shamba la nyasi litakalokatwa, siku ya mwisho ataachiwa kondoo mmoja.' Kondoo mmoja, Sabina. Wala si ujira. Sheria haijamgusa kondoo."

"Kondoo mmoja kwa watu tisa wenye soksi nyekundu hatoshi hata kwa mchuzi," Sabina alisema. "Wangekuwa kondoo tisa, ungewaona wanakuja mbio na miundu begani. Kula, njegere zinapoa."

Hamo alicheka kwa dharau. Kisha akaacha kucheka. Kisha akala njegere zote, za Sabina pia.

Asubuhi alikwenda shambani na kamba na vigingi thelathini na viwili, akaligawa shamba mapande tisa. Fulke alipofika na karani wake, alimkuta msimamizi wake amepiga magoti anagongomea kigingi cha mwisho kwa jiwe.

"Haya ni mashamba tisa ya nyasi," Hamo alisema, na masikio yake yalikuwa mekundu, maana uongo hakuuzoea. "Gombo linasema kila shamba, kondoo mmoja. Ujira wao ni peni tano zilezile. Kondoo ni desturi."

Fulke alimwambia karani asome. Karani akasoma: kila shamba. Fulke akatazama kamba, akatazama nyasi, akatazama mbinguni ambako wingu dogo lilikuwa limeanza kujikusanya, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tauni.

"Ni lazima yawe na majina," karani alisema. "Siwezi kuandika shamba lisilo na jina."

Hilo Hamo hakuwa amelifikiria. Akasimama na jiwe mkononi. Akalitazama pande la kwanza, karibu na mtaro, na kinywa chake kikasema chenyewe, "Shamba la Wymer." Wymer ndiye aliyekuwa akianza mstari upande ule kabla ya tauni. La pili akasema la Aldous. Kisha la Thurstan, la Godric, la Baldwin, la Herve aliyekuwa akiimba vibaya, la Lefwin kiguu ambaye kila mwaka aliachwa nyuma na kila mwaka walirudi kumsaidia. La nane likawa la Sayer. La tisa, chini kabisa kwenye ua wa miiba, la Jolan. Karani aliandika yote bila kuinua kichwa. Sabina, aliyekuwa amemletea baba yake mkate, alipenga kamasi akasema ni vumbi la nyasi.

Dru alipoelezwa, alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja kama kuku.

"Hiyo haiitwi ujira?"

"Ni desturi," Hamo alisema. "Ilikuwapo kabla ya huyo mfalme."

"Basi mimi tangu leo ni mtu wa desturi. Lakini majike, mzee. Nyama ya jike laini."

Hamo alifurahi kusikia kijana anazungumzia nyama. Akawachagulia majike tisa.

Nyasi zilikatwa kwa siku nane, zikaanikwa, zikaingia ghalani siku mbili kabla ya Swithin. Siku ya mwisho Hamo alikuja na sufuria kubwa la kanisa, chumvi, na kuni za mgongo mzima. Alikuwa amevaa nguo za Pasaka. Kondoo wakaachiwa, mmoja katika kila pande, na Hamo akainua fimbo nyeupe kuashiria, akapiga ukelele ule wa zamani.

Hakuna aliyekimbia. Dru alitia mkono mfukoni akatoa shayiri, akachuchumaa, akafanya "mwaa, mwaa." Kondoo akaja, akala kiganjani. Dru akamtia kamba shingoni. Wenziwe wakafanya vivyo hivyo, mmoja mmoja, kimya, kama watu wanaochota maji.

"Hamkimbii?" Hamo aliuliza.

"Nikimbie nini, mzee, naye anakuja mwenyewe?"

"Na moto je? Nimeleta sufuria."

Dru alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mzee Hamo, mtu hali mfuko wake."

Wakaondoka na kondoo wao. Siku ile Hamo na Sabina walipika njegere za watu wawili ndani ya sufuria la watu arobaini na wanne.

Katika maisha yake yote Hamo hakuwahi kuwaza kwamba kondoo wa siku ya mwisho angeweza kuishi mpaka siku inayofuata. Na maji yakimwagika hayazoleki. Kufikia Krismasi Dru alikuwa na kondoo wote tisa. Wawili aliwapata kwa kubadilishana pombe, mmoja kwa soksi moja nyekundu, mwenye kuipata akitembea nayo mguu mmoja hadi masika. Wakazaa. Miaka mitatu baadaye alikuwa na zaidi ya hamsini, na mwenye kondoo hamsini huhitaji nyasi. Alikwenda kwa Fulke na viatu vyake vya korongo, na Fulke, ambaye mwinyi alikuwa amemwandikia kwamba farasi wa Ufaransa ni ghali, akamkodishia shamba lote, mapande tisa, kama lilivyoandikwa kwenye gombo.

Kwa hiyo shamba aliloliokoa kwa ujanja ndilo alilolipoteza kwa ujanja uleule. Hamo alikwenda mtaroni kwake akakaa.

Haukupita mwezi, Dru akahitaji wakataji. Wakaja sita, vijana wenye soksi za kijani. Walitaka peni kumi. Dru aliwaambia kwamba watu wa siku hizi hawana haya, kwamba yeye alikata nyasi kwa mkate mkavu na kulala na ng'ombe, na kwamba kuna sheria ya mfalme. Akaja mbio kwa Hamo kuuliza kama ule mkatale ulikwisha.

"Osbert sasa anataka nane," Hamo alisema.

Baya zaidi lilikuwa mbele. Wale wa soksi za kijani hawakuwa na adabu lakini walikuwa na masikio. Wakasema: haya, tutakata kwa tano, kama sheria. Ila gombo lina mashamba tisa, na kila shamba lina kondoo wake siku ya mwisho, na mwenye shamba sasa si mwinyi, ni wewe.

Dru alikuja tena kwa Hamo, safari hii na jibini zima na kofia mkononi. Alimwita Baba Hamo. Alimkumbusha kwamba siku moja, Dru akiwa mdogo, Hamo alimpa ganda la mkate. Aliomba kitu kimoja tu: baraza la kijiji likikaa, Hamo aape ukweli. Basi. Kwamba shamba lile tangu Adamu ni moja, na kondoo wake ni mmoja.

"Si uongo, baba. Wewe mwenyewe unajua ni moja."

Alipotoka, Sabina aliuliza baba yake atasema nini.

"Moja," Hamo alisema kwa huzuni. "Ni moja. Nimeapa barazani miaka ishirini na mbili sijasema uongo, sitaanza kwa sababu ya chuki. Tena ndivyo ilivyokuwa zamani, shamba moja, kondoo mmoja. Si ndicho ninacholilia kila siku?"

"Unalilia vingi, baba," Sabina alisema, akikata jibini.

Baraza lilikaa ndani ya kanisa kwa sababu ya mvua. Kijiji chote kilikuja; tangu tauni hapakuwa na burudani bora. Fulke alikaa mbele na karani wake, na gombo limekunjuliwa juu ya meza. Hamo akashika kitabu kitakatifu, akaapa.

"Shamba la nyasi la kando ya mto," Fulke alisema, "kwa desturi ya Oxmere, ni moja au ni tisa? Ukisema moja, gombo litasahihishwa na mambo yaishe."

"Litasahihishwaje?" Hamo aliuliza.

Karani akamwonyesha. Alikuwa na kisu kidogo cha kukwangulia wino juu ya ngozi. Akakiweka tayari pale mstari ulipoanza, na Hamo, asiyejua kusoma, akauliza pale pameandikwa nini.

"Wymer," karani alisema. "Halafu yanashuka. Aldous, Thurstan... mpaka hapa chini. Sayer. Jolan. Ni kazi ya dakika chache tu, hayataonekana tena."

Hamo alikitazama kile kisu. Hata padri aliyekuwa akizungumza bei ya sufu mlangoni aligeuka kutazama.

"Tisa," Hamo alisema.

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Dru aliruka kutoka kwenye benchi. "Mzee, umeshika kitabu!"

"Nimekishika, naona kizito. Ni tisa. Yanajulikana kwa majina, na wenye majina hayo bado wamo ndani ya mashamba yao. Ukikata la Lefwin ovyo nitakushtaki." Kisha, kwa kuwa alikwisha kuingia majini, akaoga kabisa: akasema kwamba kwa desturi kondoo hukamatwa kwa mbio, na anayeitwa kwa shayiri hakukamatwa, amealikwa. Wazee wa baraza, wote watatu waliobaki, wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja wao alikuwa kiziwi.

Uongo huo Hamo aliuungama kwa padri Jumapili ile. Padri alimuuliza kondoo wenyewe walikuwa wa sufu ndefu au fupi.

Dru hakuwa mjinga. Desturi ilisema kondoo, haikusema kondoo gani. Siku ya mwisho ya kukata alileta tisa waliokonda, wenye miguu kama fito, waliolelewa milimani kwa kufukuzwa na mbwa. Habari zilikuwa zimeenea. Watu walikuja mpaka kutoka vijiji vya jirani, wajane na wachumba wao, Osbert na kofia yake, Fulke mwenyewe na kiti. Kondoo waliachiwa mmoja mmoja, pande kwa pande. Vijana wa soksi za kijani hawakuwahi kukimbiza kitu maishani mwao. Walianguka, wakagongana vichwa, wakakamata mikia ikawachomoka. Katika wanane wa kwanza walipata watatu, na wawili wa hao ni kwa sababu kondoo wenyewe waligongana wao kwa wao. Watano waliruka ua na kurudi kwa Dru, aliyekuwa amekaa juu ya gogo anatafuna tufaha, raha mustarehe.

Wa tisa aliachiwa katika shamba la Jolan. Vijana walikuwa wameishiwa pumzi, wamelala kifudifudi. Kondoo akatazama kulia, akatazama kushoto, akaanza kwenda zake kwenye ua taratibu, kama mama anayetoka sokoni.

Hamo alikuwa na miaka sitini na mitatu na goti moja lililokuwa likitabiri mvua. Sabina alimwona akiweka fimbo nyeupe chini, akasema, "Baba, usithubutu," lakini alikuwa akizungumza na mgongo. Mzee alikimbia. Alikimbia kwa namna ya watu wa zamani, magoti juu na viwiko nje, akipiga ule ukelele, na safari hii waliusikia watu waliokuwa wakiukumbuka, wakauitikia kutoka pande zote za shamba. Kondoo akashtuka, akaruka. Hamo naye akaruka. Walifika kwenye ua wa miiba pamoja.

Vumbi lilipotulia, kichwa cha kondoo na miguu yake ya mbele vilikuwa nje. Matako na mkia vilikuwa ndani. Na Hamo alikuwa amelala kwa tumbo ndani ya miiba, ameng'ang'ania mguu wa nyuma kwa mikono miwili.

"Amevuka!" Dru alisema, akitupa tufaha lake.

"Amevuka nusu," alisema kijana mmoja wa soksi za kijani.

"Kondoo ni kichwa. Kichwa kiko nje."

"Nani alikwambia kondoo ni kichwa? Tangu lini watu wanakula kichwa kwanza?"

Fulke akasogea na kiti chake. Karani akatumwa kuleta gombo, na gombo halikusema chochote kuhusu nusu. Osbert alidai apimwe kwa uzito, naye angeweza kutengeneza mizani, kwa bei. Mjane mmoja akakumbuka kwamba mwaka wa mafuriko jambo hili lilitokea na marehemu mumewe aliamua ni mkia; mwingine akasema marehemu huyo alikuwa amelewa. Hata yule mzee kiziwi alikuwa akibishana, ingawa hakuna aliyejua kuhusu nini. Katika Oxmere hapajasikika kelele za namna hiyo juu ya desturi tangu kabla ya tauni.

Sabina alipiga magoti kando ya ua. Baba yake alikuwa na mikwaruzo paji lote la uso, na jani limemkwama kwenye ndevu.

"Baba, mwachie sasa. Watabishana mpaka jioni."

"Niache," Hamo alisema, na akaushika mguu wa kondoo vizuri zaidi. "Waambie wasiharakishe."